Fungu la Mzazi kwenye Mdomo wa Karyera

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha makala ya kupikia, Lydie alizunguka nyuma ya jiko kuangalia mihogo yake. Hakuangalia kama majani yamefaa kwa mboga ya sombe, wala hakutafuta wadudu. Aliangalia mashina. Je, yote yamesimama? Au kuna lililoanza kuinama kuelekea kule?

Kule ni kwenye shimo. Siku alipoletwa katika parseli hii, kipande chao cha ardhi, akiwa bibi arusi wa Zacharie, nyuma ya jiko kulikuwa na mistari mingi ya mihogo, kisha njia ya mbuzi, kisha kilima kikiteremka taratibu hadi kwenye bonde ambalo maji yake huenda mto Lukuga. Sasa kilima hakiteremki tena. Kimekatwa. Njia ya mbuzi ilianguka kwanza, ikafuata mistari ya mihogo, mmoja baada ya mwingine, na baada ya ule wa mwisho uliobaki palikuwa na hewa tu.

"Umeisha kuwaamkia?" Julienne, jirani yake, alikuwa akimtania kutoka upande wa pili wa ua wa matete. "Mihogo inajibu je leo?"

"Inajibu tu, Mama David."

"Siku itaacha kujibu, uniite tukimbie pamoja. Weye ubebe batoto, miye nitabeba redio."

Lydie alicheka, lakini mkono wake ulibaki kwenye shina la mwisho, akilitikisa kidogo kama anavyotikiswa mtoto usingizini ili ujue kama anapumua.

Shimo lile lilichimbwa na kampuni iliyokuja kutengeneza barabara. Walileta katapila, wakakwangua kwanza udongo mweusi wa juu, ule ambao wamama walikuwa wakipanda mahindi na karanga, wakausukuma bondeni kama takataka. Kisha wakaingia kwenye jiwe. Vumbi lilikaa juu ya nguo zilizoanikwa, juu ya dagaa za ndakala zilizotandazwa, hata ndani ya macho ya kuku. Barabara ilipofika walipotaka ifike, waliondoka na katapila lao. Shimo wakaliacha.

Wamama wa kartye, mtaa wao, waliingia nyuma yao na nyundo. Lydie pia. Kusema kweli, karyera, kama walivyoliita shimo lile la mawe, ilimlisha. Alijifunza kwa Mama Agnès, mkubwa wa wapasua mawe, namna ya kukaa miguu imenyooka, kuweka jiwe ndani ya pete iliyokatwa katika tairi la zamani ili vipande visiruke machoni, na kupiga bila kukaza bega. Chini huko, kila mmoja alikuwa na fungu lake la kokoto, na alilijua kama anavyojua sufuria yake. Lakini jioni, akiosha vikombe jikoni, Lydie alisikia wale waliobaki wakipiga, na vikombe vikalia kidogo vikigusana. Hapo aliwaza jambo ambalo hakumwambia mtu: mchana kutwa anakaa chini akigongagonga miguu ya nyumba yake mwenyewe.

Karyera ilikuwa na desturi moja ambayo hata walevi waliiheshimu. Mpasua mawe akijifungua, wenzake kila siku wanamwaga kokoto mahali pake, beseni moja moja, kila mtu katika kazi yake. Hilo ndilo fungu la mzazi. Haiulizwi nani ametoa nini. Halipimwi. Haliguswi na mtu, wala gari halipakii, mpaka shingo ya mtoto ikaze, na mama mwenyewe ateremke naye mgongoni na kuinua jiwe la kwanza kwa mkono wake. Watu waliamini kwamba anayeligusa kabla ya siku hiyo anamvunja mtoto shingo. Hakuna aliyewahi kujaribu ili aone.

Lydie alikuwa na mimba ya mtoto wa pili, tumbo limeshuka, wakati mkubwa wa kartye alipotangaza kwamba uchimbaji umesimamishwa. Nyumba za juu zilikuwa zimeanza kupasuka kuta. Papa Onésime, agronome, mtaalamu wa kilimo wa chama kimoja cha mjini, akaja na mabuti yake ya manjano kuwafundisha watu namna ya kuliponya lile shimo.

Aliwakusanya kwenye kiwanja kilicho nje ya shimo, ambapo magari yalikuwa yakipakia. Aliwaeleza pole pole. Watajaza kifusi kwanza kule ndani kabisa, chini ya ukuta wa kilima, pale nyumba za juu zinapoegemea. Watakitengeneza ngazi ngazi. Juu yake watarudisha udongo mweusi ule uliosukumwa bondeni, kisha watapanda vetiva, majani yanayoshika ardhi kwa mizizi mirefu, na matete pembeni. Mdomo wa karyera, pale chini ambapo magari yalikuwa yakiingilia, utabaki wazi hadi mwisho.

"Mayi yanapita pale," alisema. "Mukumbuke ile neno. Mudomo, mwisho."

Watu walitikisa vichwa. Lakini tazama kazi yenyewe ilivyokuwa. Kufika kule ndani ilibidi uzunguke dimbwi la kijani lililokaa katikati ya shimo, na beseni la kifusi kichwani. Mdomo ulikuwa hapa hapa, pusupusu, mkokoteni wa kusukuma, ilifika na kumwaga bila shida. Tena, ndani ya juma lile lile, David wa Julienne aliingia kwa mdomo na wenzake kuoga dimbwini. Walimtoa akiwa hana sauti. Walimlaza tumbo juu ya mtungi, maji yakatoka, akalia, na mama yake akamchapa na kumbusu kwa wakati mmoja, hajui aanze na lipi.

Papa Onésime alikuwa ameenda Nyunzu kwa kazi nyingine. Wamama wakaitana, na katika mkutano ule Lydie, ambaye hakuwahi kufungua kinywa mbele ya watu, alisimama akishika kiuno.

"Miye nasema tufunge mudomo kwanza," alisema. "Batoto njo kwanza. Mayi tutayaangalia kisha. Kama mutoto akikufa mule, ngazi za vetiva zitatusaidia nini?"

Walipiga vigelegele. Julienne alimkumbatia na tumbo lake lote. Mama Agnès alikuna kichwa kidogo, akataka kusema neno, kisha akachukua beseni lake. Siku zile zile pusupusu zilianza kumwaga udongo na kifusi mdomoni, watu wakakanyaga, wakapiga kwa magogo, na mdomo wa karyera ukafungwa. Ilikuwa kiangazi. Maji yalikuwa wapi ya kutafuta mlango?

Lydie alijifungua mvulana, wakamwita Landry. Alikuwa mdogo, na kichwa chake kilikuwa kikianguka huku na huku kama ua zito. Julienne alikuwa akimletea habari za fungu kila jioni. Uchimbaji ulikuwa umesimama, lakini mawe yaliyobaki kiwanjani yalikuwa bado mengi, na wamama walikubaliana wayapasue yote kwa ajili ya Lydie, liwe fungu la mwisho la karyera ile.

"Ile fungu yako imefika hapa," Julienne alionyesha kifuani. "Mama Agnès anapasua kama anapigana na bibi wa pili."

Lydie alijua atalifanyia nini. Kaka mkubwa wa Zacharie aliwapa pembe ya parseli yake, mbali, kwenye tambarare. Fungu lile lingekuwa msingi na sakafu. Usiku na mchana akinyonyesha, alikuwa akiijenga nyumba ile kichwani: mlango upande wa barabara, dirisha moja la mbao, na nyuma ya jiko ukuta wa jirani. Ukuta wa mtu. Si hewa.

Zacharie alikuwa akifanya kazi katika mashua za mizigo zinazokwenda Moba, na alipopata mtandao alipiga simu.

"Mihogo?" aliuliza, maana alimjua mke wake.

"Imesimama."

"Unaona? Unaogopa mingi. Nikirudi tutaanza kubeba kokoto. Kaa na roho."

Kisha mvua zikaja.

Za kwanza zilikuwa za kutuliza vumbi tu. Lydie alisimama mlangoni akimfunika Landry masikio kwa kitenge, akisikiliza. Aliona kwamba mvua ikiisha, hapo chini hapakusikika maji yakikimbia kama miaka mingine. Palikuwa kimya. Aliona hilo, likampita, akaenda kugeuza bukari, ugali wa jioni.

Siku ya ile mvua kubwa, ilianza kunyesha kabla hakujapambazuka, na wakati wa soko kufunguliwa ilikuwa bado haijapumzika. Ilipopungua na kubaki manyunyu, Ornella, binti yake wa kwanza, alikuwa amechoka kufungiwa ndani. Alitoka nyuma ya jiko na kijiko cha uji mkononi. Alirudi bila kijiko.

"Mama, chini imemeza kijiko."

"Kijiko kiko wapi?"

"Chini imekimeza. Niliweka kidogo tu, ikamaliza yote."

Lydie alimweka Landry kitandani na kumfuata. Kati ya ukuta wa jiko na mstari wa mihogo, ardhi ilikuwa imepasuka. Ufa ulikwenda kutoka kwenye ua wa Julienne hadi nyumba iliyofuata, mwembamba, umenyooka kama umechorwa, na ndani yake hapakuonekana mwisho. Alimshika Ornella mkono kwa nguvu mpaka mtoto akalalamika.

Akanyoosha shingo, akatazama chini.

Dimbwi la kijani halikuwepo. Palikuwa na ziwa jekundu, kutoka ukuta hadi ukuta. Fito ambazo Papa Onésime alikuwa amezisimamisha kuonyesha ngazi zitakapokuwa zilikuwa zimebaki ncha tu. Maji yalikuwa yakilamba mguu wa kilima, chini yake kabisa, na kila yalipolamba, kipande cha udongo kiliachia na kuyeyuka bila kelele, kama sukari. Alitazama upande wa mdomo. Ule udongo waliopiga kwa magogo ulisimama imara. Ulisimama vizuri sana. Maji yalikuwa yamefika pale, yamegusa, yamerudi.

Aliisikia sauti yake mwenyewe ikisema mbele ya watu: mayi tutayaangalia kisha.

Alimchukua Landry, akamwacha Ornella kwa Chérie, binti mkubwa wa Julienne, kwenye baraza la upande wa barabara. "Musitoke hapa. Hata kama munasikia nini. Chérie, unanisikia?" Kisha akamwita Julienne, na Julienne alipouona ufa hakutaja redio. Alikimbia bila viatu kumwita Mama Agnès. Mama Agnès akapiga simu, na Papa Onésime, aliyekuwa amerudi mjini jana yake, akaja juu ya pikipiki, matope hadi kwenye kofia.

Walikuwa wameteremka wote kumngoja chini. Alisimama mbele ya mdomo uliofungwa, akavua kofia. Kilichomtisha Lydie ni kwamba hakugomba.

"Nani alisema kufunga?" aliuliza tu.

"Sisi bote," Mama Agnès alijibu upesi, kabla Lydie hajafungua kinywa. "Batoto balikuwa banakufa, papa. Tungefanya je?"

"Na mimi sikurudi kuangalia." Alipitisha mkono usoni. "Sawa. Sasa musikilize. Ile mayi inakula muguu ya mulima. Inapashwa kutoka leo. Lakini tukikata hapa na jembe tu, itatoka yote mara moja, itabeba hii udongo yote, itaenda kuangusha zile nyumba za bondeni."

"Basi tukate kidogo kidogo," Julienne alisema.

"Kidogo kidogo itajikata yenyewe, mama. Mayi haina adabu. Tunapashwa kuchimba mufereji mwembamba, na kila fasi tunachimba tunajaza mawe. Makubwa chini, kokoto juu. Mawe safi, bila udongo. Hapo mayi itapita katikati, udongo itabaki. Muko na kokoto?"

Mvua ilianza tena kudondoka juu ya mabeseni waliyojifunika vichwani. Wengine wote walikuwa wameuza mafungu yao. Mawe ya kiwanjani yalikuwa yamepasuliwa yote. Wamama walitazama miguu yao, wakatazama maji, wakatazama mabuti ya Papa Onésime. Walitazama kila mahali isipokuwa mahali pamoja, na kwa sababu hiyo Lydie alielewa.

Fungu lake lilikuwa pale, pembeni mwa kiwanja, limeoshwa na mvua, la kijivu na kung'aa. Hakuwa amewahi kuliona kwa karibu. Lilikuwa kubwa kuliko alivyoambiwa.

"Zile pale je?" Papa Onésime aliuliza.

"Zile ni za mzazi," Mama Agnès alisema. "Haziguswe."

"Mama, mulima utaanguka."

"Nimesema haziguswe! Unataka tumuvunje mutoto shingo? Tafuta mawe ngambo ingine, weye na mabuti yako."

Lydie alimbana Landry kifuani chini ya kitenge. Kichwa chake kilikuwa na joto la usingizi, na shingo ile, laini kama kitu ambacho bado hakijaamua kuwa mfupa, ilikuwa ndani ya kiganja chake. Nyumba ya tambarare ilimjia yote, na dirisha lake la mbao. Aliona pia ufa ukikua kule juu, na vikombe vyake, na ndani ya nyumba nyingine za ukingoni wazee wasioweza kukimbia. Kwa Mungu aliogopa. Hakujua anaogopa kipi zaidi: kilima, au lile jiwe la kwanza.

"Nifunge mutoto mugongoni," alimwambia Julienne.

"Mama Ornella, hapana. Hajakaza."

"Nifunge. Kisha tembea nyuma yangu, umushike kichwa."

Basi ndivyo walivyovuka kiwanja kile. Lydie mbele, ameinama, na Julienne nyuma yake hatua kwa hatua, mikono miwili imefunika kichwa cha mtoto kama mtu anayebeba yai la ndege. Hata mvua ilisikika ikigonga mabeseni. Lydie alifika, akachuchumaa pole pole, Julienne akachuchumaa pamoja naye akinung'unika, "Yesu, Maria, Yosefu, goti yangu." Akainua jiwe moja, si kubwa, likiwa na alama nyeupe ya nyundo. Alisubiri kidogo. Landry alipiga chafya.

"Ana baridi tu huyo," Mama Agnès alisema kwa sauti iliyokatika. "Muchukue! Mama mwenyewe ameinua. Muchukue sasa, munangoja nini?"

Hapo kazi ikawa kazi. Wanaume waliokuja kutazama walipewa majembe kabla hawajapata maneno ya kukataa. Walikata mfereji kwenye udongo wa mdomo, kipande kwa kipande, na kila kipande kilipofunguka kilijazwa. Mabeseni yalipita kwa mikono kutoka kwenye fungu hadi mdomoni. Papa Onésime alimpigia kelele kila aliyetaka kuchimba zaidi: "Wacha! Wacha hapo! Mawe kwanza!" Mwanaume mmoja alilalamika kwamba hajawahi kuamrishwa na wanawake wengi namna hii tangu harusi yake. "Njo mana nyumba yako iko chafu," alijibiwa, na beseni likawekwa kichwani pake.

Walipofika kwenye maji yenyewe, yalitokea kwanza kama jasho kati ya mawe, mekundu. Kisha kama mkojo wa mbuzi. Kisha yakaanza kuimba, sauti ndogo ya chini chini, na yakateremka bondeni kwa njia yao ya zamani. Udongo ulibaki. Lydie alikuwa amekaa chini ya turubai, Landry akinyonya, akiangalia fungu likipungua. Lilipoisha, palibaki mviringo wa ardhi kavu, mahali ambapo mvua haikuwa imefika, na hiyo pia ikaloa palepale.

Ndipo kilima kikaanguka.

Haikuwa kelele kubwa. Ilikuwa kama mtu ameshusha gunia. Watu wote walitazama juu: kutoka kwenye ukingo, nyuma ya jiko lake, kipande kirefu kilikuwa kimeteleza, na mihogo ilikuwa ikishuka nacho imesimama wima, majani yote yakitikisika, mpaka ikaingia majini.

Ornella. Kijiko. Lydie aliwaza tu kwamba mtoto amerudi kutafuta kijiko.

Hakukumbuka baadaye alivyopanda ile njia. Alikumbuka matope mdomoni, na mkono wake mmoja ukishika kichwa cha Landry kifuani, na Julienne akiita nyuma yake, "Polepole, utamuangusha, polepole!" Alipofika barazani, Ornella alikuwa amekaa karibu na Chérie, mashavu yamejaa karanga, amekunja uso.

"Chérie amenikataza kutoka," alishitaki.

Lydie alikaa chini hapo hapo kwenye matope ya barabara. Alimgusa Ornella miguu, mmoja, na wa pili. Alimgeuza Landry, akamtazama shingo. Mtoto alikuwa anatafuta titi.

Nyuma, mstari wa mihogo haukuwepo. Pembe moja ya jiko ilining'inia hewani, na vikombe viwili vilikuwa vimeshuka. Nyumba ilisimama. Nyumba zote za ukingoni zilisimama. Papa Onésime alipanda, akatazama ufa, akatazama chini ambako maji yalikuwa tayari yameacha alama nyeusi kwenye mwamba yakipungua. Alisema kipande kile kilikuwa kimeshaloa, kisingepona, lakini mguu wenyewe bado upo. Alisema jiko libomolewe na wahamie chumba cha mbele. Alisema atakuja kila baada ya mvua, na safari hii alikuja.

Zacharie aliporudi kutoka Moba, alizunguka nyuma ya nyumba, akaitazama pembe ya jiko iliyoning'inia.

"Na kokoto ya nyumba?" aliuliza.

"Iko chini, ndani ya mudomo."

"Yote?"

"Yote."

Aliteremka peke yake kuangalia. Lydie alimwona kutoka juu akichuchumaa mdomoni, kichwa ameinamisha kama mtu anayesikiliza mlangoni kwa jirani. Aliporudi alisema tu, "Inapita. Inapita muzuri," akachukua nyundo akaanza kubomoa jiko.

Waliendelea na kazi namna walivyoambiwa toka mwanzo: kutoka ndani, chini ya ukuta, kuja nje. Walizungushia mdomo ua wa mabanzi ili watoto wasiingie, na David aliwekwa kuwa wa kwanza kuchapwa akionekana karibu. Kifusi kilipopanda ngazi ya kwanza, wamama walikwenda bondeni kuutafuta udongo mweusi ambao katapila lilikuwa limeusukuma. Ulikuwa bado uko, chini ya magugu. Na siku hiyo Lydie, aliyekuwa juu akianika nguo za Landry, aliona kitu. Kila mama aliyepita na beseni alimwaga mahali pake katika ngazi, kisha akarudi na lingine, akalimwaga pembeni, mahali pamoja. Wa pili akafanya hivyo. Wa tatu. Julienne alimwaga lake bila kutazama juu, kama mwizi.

"Munafanya nini pale?" Lydie aliita.

"Haiulizwe!" Mama Agnès alijibu kutoka chini. "Umesahau desturi? Ngoja shingo ya mutoto ikaze, kisha ushuke."

Landry alipokaza shingo, Lydie alishuka, akachukua konzi ya kwanza ya udongo ule mweusi, akaunusa. Sehemu ya udongo ule aliitandaza kwenye ngazi iliyo chini ya nyumba yake, akapanda vetiva kwa vidole, kichaka karibu na kichaka. Iliyobaki Zacharie aliibeba kwa pusupusu hadi kule tambarare. Nyumba bado haipo. Kuna mstari mmoja wa mihogo kwenye pembe ya parseli, na mwaka huu sombe ya kwanza itatoka huko.

Mvua zikinyesha, Lydie bado halali vizuri. Hutega sikio mpaka aisikie ile sauti ndogo chini ya mawe. Asubuhi, kabla ya makala, huzunguka nyuma na kutazama vichaka vya vetiva, kama vyote vimesimama. Ornella humfuata, anashika kitenge chake, naye hutazama chini kwa makini.

"Bado haijarudisha kijiko?"

"Bado," Lydie hujibu, na kumvuta mtoto nyuma kidogo.